Hedhi Inapopoteza Hesabu Yake

Katika nyumba nyingi za mji wa Kigali, kuanzia Kanombe hadi Nyamirambo, yumo mama ambaye siku hizi halali vizuri. Huamka saa nane za usiku akiwa ametota jasho kifuani na shingoni, ilhali nje kuna baridi ya milimani na watoto wamejifunika mablanketi hadi masikioni. Moyo humwenda mbio. Mwezi uliopita hakupata siku zake. Mwezi huu zimekuja mara mbili, na mara ya pili zilikuwa nzito kuliko alivyozoea tangu usichana. Asubuhi huenda kupimwa malaria, akaambiwa hana. Watu wa nyumbani husema ni mawazo. Ikiwa ni mwezi wa Aprili, wakati taifa linapoyakumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, husema ni mambo ya wakati ule yamemrudia. Yamkini wamepatia. Lakini yamkini vilevile kwamba mama huyu ana umri wa miaka arobaini na saba, na kwamba hedhi yake imeanza safari ya kukoma, jambo ambalo hapana hata mtu mmoja nyumbani aliyelitaja.

Leo ukurasa huu unalitaja, kwa heshima lakini bila ya kuzungukazunguka. Kinyarwanda kina neno moja fupi kwa jambo hili: gucura. Kwa Kiswahili twasema kukoma hedhi, na wengine husema damu imekatika. Jina la kitaalamu, menopozi, lilitungwa na daktari wa Kifaransa, Charles de Gardanne, mwaka 1821. Bila shaka akina nyanya wa Rwanda hawakumngojea yeye ndipo wajue.

Sababu ya kulisema sasa ni hesabu nyepesi ya miaka. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1994 amekwisha kupita hamsini. Aliyekuwa na miaka kumi na miwili amepita arobaini. Maana yake ni kwamba kizazi kizima cha wanawake waliouvuka mwaka ule wakiwa wasichana au wake wachanga ndicho kinachofikia ukomo wa hedhi katika miaka hii. Wamo wajane, wamo waliorudi kutoka uhamishoni, wamo waliobeba bunduki. Wamo waliobakwa, ambao taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 ilikadiria idadi yao kuwa kati ya 250,000 na 500,000. Wajane walipoanzisha chama chao cha AVEGA-Agahozo mwaka 1995, matibabu ya wenzao yakawa sehemu ya kazi ya chama hicho. Wanawake hawa wamezoea, na sisi sote tumezoea pamoja nao, kuyafasiri maumivu yao kwa mwaka ule mmoja. Hapo ndipo mama anapoweza kutibiwa huzuni wakati anavuja damu, au akanyamaza kimya na dalili ya saratani kwa kudhani kwamba ni mawazo tu.

Kinachotokea mwilini

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, yapata milioni moja au mbili. Anapovunja ungo hubakiwa na laki tatu au nne, na katika maisha yake yote ni mayai mia nne au mia tano tu yatakayokomaa na kutoka, moja kila mwezi. Kokwa zinazoyatunza mayai hayo ndizo zinazotoa vichocheo viwili, estrojeni na projesteroni, vinavyoutengeneza ukuta wa mji wa mimba na kuufanya ubomoke kwa wakati wake. Damu ya hedhi ni kubomoka huko.

Mayai yanapokaribia kwisha, kokwa huwa hazisikii tena vizuri. Ubongo hutuma amri kama kawaida, usipoitikiwa huirudia kwa nguvu zaidi, mfano wa afisa anayekiita kikosi kilichobakiwa na askari wachache waliochoka: mara wanaitika wote kwa mpigo, mara haitiki mtu. Mwezi mmoja estrojeni hupanda kupita kiasi, mwezi wa pili ikaanguka. Kwa hiyo hedhi kwanza hukaribiana, zikaja baada ya siku ishirini na tatu au ishirini na nne badala ya ishirini na nane. Kisha huanza kuruka mwezi, halafu miezi miwili, halafu mitano. Kati ya hizo huweza kutokea moja nzito mno, kwa kuwa ukuta uliokuwa ukijengeka kwa miezi mitatu hubomoka wote pamoja.

Kipindi hiki cha kuyumbayumba aghalabu huchukua miaka minne hivi, kwa wengine zaidi. Wanawake wengi humaliza baina ya miaka 45 na 55. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya miezi kumi na miwili kamili kupita bila ya damu hata tone, tena bila ya sababu nyingine. Hapana kengele inayolia siku ya mwisho. Mtu hujua baada ya mwaka kwamba siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Tone likidondoka mwezi wa kumi, hesabu huanza upya.

Aliyekoma kabla ya miaka arobaini asilichukulie kuwa jambo la kawaida, bali amwone daktari, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakaa miaka mingi bila ya ulinzi wa estrojeni. Wako pia wanaokomeshwa kwa ghafla: aliyeondolewa kokwa zote mbili kwa upasuaji, na aliyetibiwa kwa mionzi sehemu za nyonga. Tangu tiba ya mionzi ya saratani ilipoanza kutolewa katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe mwaka 2019, wagonjwa wa Rwanda hawalazimiki tena kusafirishwa nchi za nje, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, mwanamke wa miaka thelathini na minane anayetibiwa hivyo saratani ya mlango wa kizazi huweza kuingia katika joto na jasho la gucura katika muda wa wiki chache tu, na ni haki yake kuelezwa mapema.

Vita, njaa na hofu

Wanawake wengi waliofungwa katika kambi za Wanazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia walikoma hedhi mara baada ya kuingizwa humo, na waliookoka wengi walizipata tena walipopata chakula na amani. Ubongo unapoona njaa au hofu kubwa huacha kutuma amri kwa kokwa. Hili linajulikana vizuri katika utabibu.

Kwa sababu hiyo mama aliyepata kuona siku zake zikipotea wakati wa vita au ukimbizini, kisha zikarudi, hukumbuka. Zikipotea tena afikapo miaka arobaini na saba, hujisemea kwamba ni yale yale, yatapita. Hakosi akili, ana ushahidi wa mwili wake mwenyewe. Ila mara hii sababu yaweza kuwa nyingine kabisa, na iko njia ya kuzitenganisha, angalau kwa kiasi.

Joto la kukoma hedhi huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, likadumu dakika moja hadi tano hivi, kisha hufuatwa na jasho na mara nyingi kijibaridi. Baina ya moja na jingine mama huwa mzima, na kipimajoto hakionyeshi homa. Malaria huleta homa inayopimika, kichwa kuuma, viungo kuvunjika, pengine kutapika, na kipimo cha damu hukata shauri katika dakika chache. Mshauri wa afya wa kijiji, umujyanama w'ubuzima, anacho. Ihahamuka, yaani mshtuko wa mambo yaliyopita, huja na picha, harufu au sauti: mama huona kitu, husikia kitu, huogopa mahali au watu. Asiyeona kitu wala kuogopa kitu, ila ameamka amelowa, huyo yafaa kwanza aulizwe umri wake na tarehe ya hedhi yake.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba mambo haya hukaa kila moja chumbani kwake. Usingizi uliokatwakatwa na joto kwa miezi sita humdhoofisha yeyote, na huzuni huwapata wanawake kwa urahisi zaidi katika miaka hii kuliko kabla yake. Mama aliyekwisha kuumia zamani hujikuta macho saa nane za usiku, peke yake na giza, na kumbukumbu huingia mlango ulioachwa wazi. Huyo anastahili tiba ya yote mawili. Kumwambia kwamba ni gucura tu ni kosa lile lile la kumwambia kwamba ni mawazo tu.

Si kila kuruka ni kukoma

Kabla ya kuamua kwamba umri umefika, kuna mambo ya kuangalia. La kwanza ni mimba. Madhali kokwa bado huitika mara mojamoja, mimba yaweza kuingia, na mama wa miaka arobaini na sita ambaye bwana wake alikuja likizo miezi mitatu iliyopita apime mkojo kabla ya kusema lolote. Waganga hushauri kuendelea na uzazi wa majira mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyefikia hamsini, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

La pili ni dawa zenyewe za uzazi wa majira. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2019 na 2020, wanawake walioolewa 64 kati ya kila mia nchini Rwanda walikuwa wakitumia njia mojawapo, na vijiti vya mkononi ndivyo vilivyoongoza. Vijiti na sindano huvuruga hedhi kwa tabia yake: karibu nusu ya wanaotumia sindano ya miezi mitatu hawaoni damu baada ya mwaka mmoja, na wakiiacha hedhi huweza kukawia miezi mingi. Mama wa namna hii hawezi kuhesabu miezi yake kumi na miwili kwa kutazama damu; ni lazima azungumze na muuguzi.

Kisha kuna tezi ya shingoni inapofanya kazi kupita kiasi au pungufu, ambayo huvuruga hedhi na kuleta moyo kwenda mbio au uchovu; na kuna uvimbe wa mji wa mimba, ule wasio saratani, ambao ni wa kawaida sana kwa wanawake wa Kiafrika na huleta damu nyingi yenye mabonge. Kuna wengine hapa mjini wanaoishi na virusi vya UKIMWI tangu miaka ile, na kwa msaada wa dawa wamefikia umri ambao zamani hawakuutarajia. Mmoja wa dawa hizo, tenofovir, hupunguza kidogo uimara wa mifupa, na kukoma hedhi hupunguza pia. Basi wamweleze daktari wao hali ya siku zao.

Damu isiyopaswa kungojwa

Hapa msomaji asome polepole. Damu inayotoka baada ya miezi kumi na miwili ya ukavu, hata ikiwa ni doa moja, hata ikiwa haina maumivu, si hedhi iliyorudi. Kuna wazee wanaosema kwamba ujana umemrudia mama, na wako wanaofurahi. Yapata tisa kati ya kila wanawake kumi wenye hali hiyo hukutwa hawana saratani, bali ngozi iliyokonda au kijinyama kidogo. Wa kumi ndiye tunayemsemea. Saratani ya ukuta wa mji wa mimba hujitangaza mapema kwa damu hiyo, na ikikamatwa wakati huo hutibika vizuri.

Mama ambaye bado hajakoma naye asingoje kama anabadilisha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, kama damu inapita siku saba, kama inatoka baina ya hedhi na hedhi, au kama hutoka baada ya kukutana na mumewe. Hii ya mwisho ni dalili mbaya ya mlango wa kizazi. Mwaka 2011 Rwanda ilianza kuwachanja wasichana kote nchini dhidi ya virusi vinavyoleta saratani hiyo, ikatangulia nchi nyingine za Afrika, na imejiwekea shabaha ya kuitokomeza ifikapo mwaka 2027. Lakini chanjo ilikwenda kwa mabinti. Mama zao wa miaka arobaini na hamsini hawakuipata, na kinga yao ni kupimwa, huduma ambayo serikali imeielekeza hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 49. Aliyepita umri huo bila ya kupimwa hata mara moja asidhani amesalimika, aulize.

Damu nyingi ya kila mwezi huleta pia upungufu wa damu unaokuja taratibu hata mama asiutambue. Huhema akipanda kilima alichokuwa akikipanda na ndoo kichwani, na watu husema amezeeka.

Kwa waumini wa Kiislamu wa Biryogo na kwingineko, vitabu vya fikihi vimelishughulikia jambo hili tangu kale. Kwa madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, hedhi haizidi siku kumi na tano. Inayopita hapo ni istihadha, na mwenye istihadha husali na kufunga, akijisafisha, akijifunga vizuri na kutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Ni hesabu ile ile anayoitaka daktari. Kalenda moja ndogo ukutani, yenye alama siku damu ilipoanza na siku ilipokoma, yamtosha shehe na yamtosha mganga.

Kwa bwana aliye mbali

Askari wa Rwanda wamekuwa wakitumwa mbali tangu kikosi cha Darfur cha mwaka 2004. Wakaenda Sudan Kusini, Afrika ya Kati, na tangu Julai 2021 Cabo Delgado huko Msumbiji. Polisi nao wamo katika ulinzi wa amani. Bwana huondoka mwaka mzima, akarudi akamkuta mke anayetupa blanketi usiku, anayekasirika kwa jambo dogo, na anayemgeuzia mgongo. Yeye naye, kwa upweke wa kambini, amekuja na mashaka yake. Nyumba zimevunjika kwa jambo hili bila ya mtu kulitaja kwa jina.

Afahamu basi kwamba estrojeni inapopungua, sehemu za siri za mwanamke hukauka na kukonda, na tendo la ndoa huuma kweli. Kukataa kwake si dalili ya mtu mwingine. Yako mafuta laini ya maji yanayouzwa katika maduka ya dawa, na iko krimu ya estrojeni ya kupaka mahali penyewe, ambayo daktari huiandika na ambayo husaidia sana. Kwa upande wa pili, majirani wanaohesabu miezi kwa vidole, wakasema mke wa fulani hakuonekana na siku zake ilhali mume yuko Bangui, wajue kwamba wanaweza kuwa wanamsingizia mama wa watu aliyefikia umri wake.

Wako pia akina mama waliovaa sare wenyewe. Kusimama lindo saa sita katika fulana ya kuzuia risasi, joto likipanda kifuani na damu nzito isiyojua ratiba, ni kazi ambayo mkuu wa zamu hana budi kuifahamu. Afande mwanamke asione haya kumweleza mganga wa kikosi. Mficha uchi hazai, na hapa aweza kuzirai paredi.

Kuna tiba gani? Kwa joto kali linalokatisha usingizi, dawa za kurudisha vichocheo ndizo zenye nguvu kuliko zote. Zilipata jina baya mwaka 2002, pale uchunguzi wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 uliposimamishwa kwa kuonekana hatari ya saratani ya matiti na damu kuganda. Baadaye ilitambulikana kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na kwa mwanamke wa chini ya miaka sitini, au ambaye haijapita miaka kumi tangu akome, asiye na saratani ya matiti wala historia ya damu kuganda, faida kwa kawaida huzidi hatari. Mwenye mji wa mimba hupewa vichocheo vyote viwili. Si dawa za kuazimana na jirani. Wasioweza kuzitumia wana dawa nyingine, na daktari atazijua.

Nyumbani, pombe, pilipili na chai ya moto sana jioni huchochea joto. Mifupa hutaka maziwa, na Mnyarwanda hahitaji kuhimizwa kunywa ikivuguto. Dagaa na sambaza wa Ziwa Kivu huliwa na mifupa yao, na dodo ipo kila soko. Kutembea kwa miguu kuna faida kuliko vidonge vingi vinavyotangazwa. Siku za Jumapili barabara za Kigali zinapofungwa kwa magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016, watu hupimwa pia shinikizo la damu na sukari bila malipo; mama aliyekoma hedhi apime, kwa sababu kuanzia hapo moyo wake huwa hatarini kama wa mwanamume.

Familia za askari zina bima yao ya matibabu, MMI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na wenye mutuelle huanzia kituo cha afya cha mtaa wao, ambacho huwaandikia barua ya kwenda hospitali. Siku ya kwenda mama achukue kalenda yake, majina ya dawa zote anazotumia pamoja na sindano au kijiti, na kama hajui majina achukue makopo yenyewe. Aseme kwanza lile analoona haya kulisema, maana muuguzi ana wagonjwa wengi nje na dakika ni chache. Tena asiahirishe kwa kuwa siku hiyo anatoka damu, ikiwa damu ndiyo iliyompeleka. Ni kwa kupimwa mlango wa kizazi peke yake, kwa yule asiye na lalamiko lolote, ndiko kunakofaa kungoja hadi damu ikauke.